Muuguzi wa Mpini wa Ufagio

Kama kuna mtu aliyejua kunawa mikono katika chuo kile cha uuguzi, ni Sabuni. Jina hilo alipewa na wenzake mwaka wa kwanza, wala hawakumpa kwa mapenzi, lakini yeye alilipokea kama tuzo. Alinawa kabla ya kula, baada ya kula, na katikati ikibidi. Somo la kuzuia maambukizi alipata tisini na saba, na zile tatu zilizopotea alikwenda kuzidai ofisini kwa mwalimu. Ukipangwa chumba kimoja na mtu wa namna hiyo, Mungu akupe subira.

Aliyepangwa naye ni binti mmoja mrefu waliyemwita Twiga, mcheshi, mvivu wa kutandika kitanda. Walikaa pamoja miaka miwili na nusu bila ugomvi wa maana, kwa sababu Twiga hakuwa na muda wa ugomvi. Sasa walibakiwa na kitu kimoja tu, mtihani wa wodini wa Alhamisi. Anayefaulu amemaliza chuo. Anayefeli au asiyetokea anarudia muhula mzima, hana pa kukata rufaa. Sabuni alikwisha kuwatangazia mama yake na mashangazi watatu kwamba anarudi nyumbani akiwa nesi kamili, na mashangazi wale hawakuwa watu wa kusahau.

Jumapili jioni Twiga aliingia chumbani akitetemeka, meno yanagongana.

"Mwenzangu, sijisikii vizuri kabisa. Mgongo unaniuma, huku ubavuni, halafu nasikia baridi."

Kisha akapiga chafya.

Sabuni alikuwa kitandani, daftari kifuani. Hakuinuka. Alimtazama kutoka palepale alipolala.

"Hayo mafua makali hayo," akasema. "Usinisogelee. Na ukitaka kuongea na mimi, geukia ukutani."

Chafya moja! Kwa chafya moja, bingwa wa tisini na saba akawa amemaliza uchunguzi. Hakumgusa paji la uso, hakumpima homa ingawa kipimajoto kilikuwa mfukoni mwake, hakuuliza hata huo ubavu ni wa kulia au wa kushoto. Alichokiona pale si mwenzake anayeumwa. Aliiona Alhamisi yake ikipigiwa chafya, na hasira zikampanda, eti kwa nini huyu asingoje wiki moja ndipo augue.

Usiku uleule alisogeza kitanda hadi dirishani na kufunga shuka katikati ya chumba, kutoka msumari hadi msumari. Asubuhi akaenda kwenye chumba cha mazoezi, akachukua glavu jozi sita bila kumwomba mtu, na barakoa mbili akazivaa kwa pamoja. Dirisha likabaki wazi kutwa kucha, na mgonjwa wa homa akajikunyata chini ya blanketi moja. Ndoo ya maji ya kunywa, ile yenye kibomba waliyoichangia wote wawili, akaihamishia upande wake wa shuka, mgonjwa asije akakishika kile kibomba.

"Sasa mimi nitakunywaje?" Twiga akauliza, akiwa ameelekea ukutani kama alivyoamriwa.

"Nitakuletea."

Akamletea kweli. Kila asubuhi alijaza kikombe kimoja, akakiweka sakafuni kwenye mpaka, akachukua ufagio na kukisukuma kwa mpini taratibu hadi chini ya kitanda cha mgonjwa. Nusu ya maji ilimwagika njiani. Kisha alipangusa ule mpini kwa dawa, akanawa mikono, akarudi kwenye daftari lake kukariri sura ya huduma kwa mgonjwa aliyelala kitandani. Aliikariri kwa sauti, na mgonjwa aliyelala kitandani akawa anaisikiliza yote.

Jumanne mama yake Twiga alipiga simu. Simu ya binti haikupokelewa, kwa hiyo akampigia Sabuni.

"Mwanangu, mwenzako mzima? Jana sauti yake sikuipenda."

"Ana mafua tu, mama, usiwe na wasiwasi. Niko naye hapa hapa, namwangalia."

Alikuwa kwenye korido, amesimama mbali na mlango.

"Mungu akubariki, mwanangu. Angekuwa peke yake ningechanganyikiwa."

"Amina, mama," Sabuni akajibu, na hata haya haikumshika. Kwa maoni yake hakudanganya, kwani si kweli alikuwa anamwangalia? Alimwangalia kila alipotaka kujua ugonjwa umesogea kiasi gani kuelekea kwake.

Jumatano mchana, Sabuni akiwa maktaba, mama wa usafi aliingia kufagia chumba. Hakuwahi kusoma uuguzi hata siku moja. Alilisogeza shuka, akamkuta Twiga anatapika mate matupu, akamshika shingo na kuhisi anaungua, akamfunga kanga na kumkokota hadi hospitali iliyopakana na chuo. Sabuni aliporudi akakuta kitanda kitupu. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akapiga godoro la mwenzake dawa pande zote mbili, akalala fofofo hadi asubuhi.

Alhamisi akaingia wodini amenyooka, sare ina pasi ya kukata, na koo lake zima kabisa. Sista Mkuu, nesi mzee aliyesimamia mitihani, aliwapitishia kopo lenye vikaratasi vya namba za vitanda. Sista huyu alikuwa na utaratibu wake mmoja ambao wanafunzi waliuogopa kuliko maswali yote. Mwisho wa mtihani alimuuliza mgonjwa swali, na mgonjwa ndiye aliyetoa alama kumi za mwisho. Ukipata chini ya tano hapo umefeli, hata vitabu uwe umevimeza.

Sabuni akachukua kitanda namba kumi na moja. Akasukuma kitoroli cha vifaa huku akitabasamu lile tabasamu walilofundishwa, akafungua pazia. Twiga alikuwa amelala pale na dripu mkononi.

Sabuni akamgeukia Sista.

"Sista, huyu tunafahamiana. Naweza kubadilisha?"

"Wote humu ni watu wa watu. Mgonjwa amekubali. Anza."

Sabuni akanawa mikono. Alinawa muda mrefu sana, mpaka Sista akakohoa.

"Pole na kuumwa," akasema hatimaye. "Ulianza lini?"

"Jumapili jioni. Ulikuwepo."

"Unaumwa wapi?"

"Mgongoni, ubavu wa kulia. Ndipo nilipokwambia."

Sista akaacha kuandika. Swali lililofuata lilikuwa kwenye fomu, Sabuni hakuwa na pa kulikwepea.

"Umekuwa ukinywa maji kiasi gani?"

"Kikombe kimoja kwa siku. Nusu kikombe, kwa kweli. Kilikuwa kinakuja kwa ufagio."

"Kinakuja kwa nini?" Sista akauliza.

"Kwa ufagio, Sista. Kwa ule mpini."

Hakuna aliyecheka. Sista akamwamuru Sabuni ampime mgonjwa mgongo. Akamgusa kwa vidole viwili, halafu akaona anaangaliwa, akaweka kiganja kizima. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika tangu Jumapili. Twiga akaruka kwa maumivu.

"Sema, ni nini hiki?"

"Maambukizi ya figo, Sista."

"Mtu anaweza kuyapata kwa kulala chumba kimoja na mgonjwa?"

"Hapana, Sista."

"Na dawa yake ya kwanza, kabla hata hujafika hospitali?"

Sabuni alilijua jibu, lilikuwa ukurasa wa arobaini na mbili. "Maji," akasema kwa sauti ya chini.

Sista akafungua ukurasa wa mwisho, akamgeukia mgonjwa. "Mwanangu, kama utalazwa hapa wiki nzima, ungependa huyu akuuguze? Mpe alama, sifuri hadi kumi. Unachosema ndicho nitakachoandika."

Sabuni akamtazama mwenzake machoni, kwa macho ya kuomba. Mashangazi wote watatu walimpitia kichwani.

Twiga hakuonekana kukasirika. Alionekana amechoka tu, kama mtu anayefukuza nzi.

"Kumi," akasema.

"Kumi?"

"Kumi zote, Sista. Mimi leo mtihani umenipita, nitarudia muhula, na anayerudia anabaki kwenye chumba chake. Huyu naye akifeli, tutabaki wote. Mpe kumi aende zake."

Sista akaandika kumi, akapiga mstari chini yake. Sabuni akasikia uso unawaka moto hadi masikioni, lakini kumi ni kumi, na yeye hakuwa mtu wa kuiacha.

"Asante," akasema.

Twiga alikwisha kugeukia ukutani.