Ngumi ya Owiti

Kila siku saa moja asubuhi, nyumbani kwao mtaani Tena, Nabwire alimnywesha mumewe uji kwa kijiko, maana mikono ya Matheka ilikuwa kazini. Ilikuwa imepiga ngoma kwa miaka thelathini na saba bila kupumzika.

Katika bendi yao ya jazi sheria ilikuwa moja: mpiga ngoma hanyamazi mpaka kiongozi afunge ngumi. Owiti, kiongozi na mpiga tarumbeta, alianguka jukwaani katikati ya wimbo akafa, kiganja wazi. Wenzake walimlilia, wakafunga vyombo, wakaenda zao. Matheka aliendelea. Nidhamu yake, jamani, ilimzidi akili.

Alipiga matangani kwa Owiti. Akapiga katika hoteli tano na harusi zisizo na idadi. Bendi ziliundwa na kuvunjika juu ya mdundo wake uleule. Akilala, vijiti viligonga ubao wa kitanda. Walizaliwa watoto watatu, Mumo wa kwanza, na baba yao hakumbeba hata mmoja. Qali, jirani wa ukuta mmoja, hulala vizuri tu; mdundo ukififia ndipo hubisha hodi, "Mzee, uko sawa?"

Mwaka huu Nabwire akaugua ini. Daktari akasema haponi, akamrudisha nyumbani.

"Baba Mumo," akasema, "nishike mkono. Mara moja tu."

Matheka alitupa vijiti, akanyoosha mkono. Vidole vikaanza kupiga juu ya kiganja cha mkewe, mapigo yaleyale.

"Basi, acha," Nabwire akasema. "Unaniumiza."

Matheka alilia wazi wazi, akipiga ukingo wa kitanda.

Alasiri Owiti aliingia, suti ya kuzikiwa imejaa udongo.

"Karibu, shemeji," Nabwire akasema. "Chai iko kwenye chupa."

Owiti akajimiminia, akaketi.

"Kiongozi, funga ngumi," Matheka akamwambia. "Mke wangu anaenda. Nakuomba."

Owiti alisikiliza kidogo, akiitikia kwa kichwa, ameridhika. "Bado. Solo yangu sijaimaliza."

"Basi imalize."

"Nitaimaliza na nini? Tarumbeta watoto wangu waliiuza zamani." Akanywa chai yote. "Lakini unashikilia mdundo vizuri, bwana. Endelea hivyo hivyo."

Akaaga, akaufunga mlango polepole asimsumbue mgonjwa.

Kulipokucha Nabwire alianza kupumua kwa shida. Qali alikuja bila kuitwa, akaketi kitandani, akamshika mkono mpaka mwisho.