Chupa ya Pili

"Usinisogezee hiyo chupa, Nana. Ya kwanza niliipokea, ukuta ukaongezwa matofali."

Nana Egyir, mkuu wa ukoo wetu, aliiweka hata hivyo kwenye benchi la nje ya mahakama, kati yangu na yeye, ndani ya boksi lake la kijani. Nyuma yake alisimama mjomba Quansah, mdogo wake mama, akitazama viatu vyake.

"Ekua, damu haishtakiani," Nana alisema.

"Na damu inalazana majini?"

Mama yangu amepooza upande mmoja. Mjomba alijenga ukuta juu ya mfereji unaopita kati ya nyumba zetu, na tangu hapo kila mvua inaingia chumbani kwa mama. Kitanda chake tumekipandisha juu ya matofali manne. Mvua kubwa zinaanza mwezi ujao.

Mwaka jana nilishtaki. Wazee wakaja na chupa ya pombe ya mila, wakasema mambo ya ukoo husuluhishwa nyumbani. Kwetu ukishaipokea chupa ya wasuluhishi, umekubali. Nikaipokea, nikasimama mahakamani nikaliondoa shauri. Hakimu aliandika kwamba naliondoa nikiwa na ruhusa ya kulirudisha. Sikuyajali maneno hayo. Wiki mbili baadaye mjomba aliongeza kozi mbili za matofali, na maneno hayo ndiyo yaliyonirudisha hapa.

"Safari hii tumeandika," Nana alisema, akinipa karatasi. "Mjomba wako ataubomoa mwenyewe baada ya Pasaka. Wewe tia sahihi tu."

"Kwanza nisome."

"Karatasi ya wazee haisomwi, mwanangu. Inatiwa sahihi."

"Diploma yangu sikuipata kwa kutia sahihi."

Ilikuwa mistari mitano, imechapwa na wakili wa mjomba. Mdai analiondoa shauri, na hatakuwa na ruhusa ya kulirudisha. Niliigeuza nyuma. Kuhusu ukuta, hakuna hata neno.

Karani, Bwana Baidoo, alikuwa akipita na mafaili kifuani. Nikamwonyesha. "Nikitia sahihi hapa, na ukuta usibomolewe?"

Aliisoma akiwa amesimama. "Mwaka jana ulitoka nje, mlango ukaachwa wazi. Hapa unaufunga mwenyewe na ufunguo unampa mjomba wako. Ukishtaki tena ukuta huohuo, watasema shauri lilishakwisha." Akanirudishia, akaingia ndani.

"Wakili ndiye aliyeandika," mjomba alisema. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo.

"Na nani alimtuma? Haya, mjomba. Andika hapa chini kwamba ukuta unaanguka leo. Nikiona mfereji uko wazi, nalifuta shauri kwa mkono wangu."

"Leo? Kwani mimi ni trekta?"

"Wakati wa kujenga hukuwa trekta, na ulimaliza kwa siku mbili."

Mwanamke mmoja kwenye benchi la nyuma alicheka. Nana hakucheka. Aliinama, akashusha sauti.

"Ukiikataa chupa hii, umeukataa ukoo. Siku mama yako atakapofariki, utamzika na nani?"

Mtu yeyote wa kwetu anajua uzito wa neno hilo. Maiti ni ya ukoo; bila mkuu wa ukoo, hata siku ya mazishi haipangwi. Nikamkumbuka mama asubuhi ile, akiniuliza kama wingu limetanda.

"Kumbe mazishi yake mmeshayapanga," nilisema. "Kumkausha miguu angali hai ndiko kunakowashinda."

Ndani waliita jina langu.

Nilichukua chupa kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, nikaiweka mapajani mwa Nana. Karatasi nikaiweka juu ya boksi, bila sahihi. Nikaingia.

"Mdai yupo?" hakimu aliuliza. "Nasikia mnataka kuliondoa."

"Nipo, mheshimiwa. Siliondoi. Naomba tuanze."

Nikafungua mkoba, nikampa karani picha ya kitanda juu ya matofali manne.