Mtoto Aliyenyamazia Wabwile

Katika ukoo wetu mzima, kuanzia Chwele hadi Kitale, hakuna mwanamke aliyewahi kunishinda kwa kusema uongo. Nautunga haraka, nauvisha nguo, nautembeza kijijini. Shida ni moja tu: hakuna mtu aliyewahi kuuamini. Hata kuku wangu nikiwaita nikidai nina mahindi, wanasimama kwanza waone mkono.

Nasema hivyo ili mjue mapema kwamba aliyemwokoa mwanangu Wabwile si mimi. Nilijaribu, sikuweza.

Kwetu Wabukusu mtoto habandikwi jina ovyo. Analia, wazee wanaita majina ya marehemu mmoja mmoja, na lile linalomnyamazisha, basi huyo ndiye amerudi. Wangu alilia kama mtu aliyeibiwa. Nilikuwa nimekwenda kujifungulia kwa mama mkwe wangu, Nanyama, karibu na Chwele. Ilikuwa wakati wa mavuno, na wanaume wenye nguvu wote walikuwa kwenye mashamba ya wazungu huko Kitale. Vizee vilivyobaki vikaketi uani, vikaanza kuita. Vikamwita Sirengo, yule aliyetahiriwa nyuki akitembea mdomoni mwake wala asipepese jicho. Mtoto analia. Vikaita wenye ng'ombe, vikaita wapiga litungu. Analia tu. Mwishowe mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini, kama anayetupa maganda: "Wabwile."

Kimya. Mtoto akapiga miayo.

Nanyama, aliyekuwa amempakata, akanitazama. Mimi nikatazama mawingu. Kwa maana Wabwile alikuwa ndugu wa babu ya mtoto, yule aliyekikimbia kisu. Siku ya kutahiriwa, na matope wanayopakwa vijana mtoni bado mwilini, aliruka boma la ng'ombe akaenda, na habari zake zilisikika tena kutoka ng'ambo ya mto Suam, alikozeekea na kufia.

Basi jina likaanza kazi yake. Mtoto akiangusha kibuyu: "Si ni Wabwile." Akimkimbia bata mzinga wa memsahib, mke wa mzungu: "Mmeona? Wabwile huyo." Lakini yule bata mzinga hata mimi Nasambu nilimkimbia, na hakuna aliyesema, "Mmeona? Nasambu huyo!" Tulikuwa tumeshahamia Kitale wakati huo, kwenye shamba alilofanyia kazi mume wangu Jotham, na kila mtu wa kwetu aliyepita pale alilibeba lile neno akatuletea kama zawadi.

Kilichoniuma zaidi si watu. Ni mtoto mwenyewe. Alikuwa na namna yake ya kusema "sisi". Ukimtuma gizani: "Mama, sisi hatuwezi giza." Ukimuuliza sisi akina nani, anashangaa. "Mimi na yeye." Yeye na maiti ya Suam!

Alipokuwa kijana wa kuongoza ng'ombe wa plau, swila alijitokeza mtaroni. Ng'ombe wakaruka, wanaume wakatawanyika, mwenye plau akapanda mti. Wabwile alibaki ameshika kamba ya ng'ombe wa mbele, anamsemesha polepole, mpaka swila akaenda zake. Unajua watu walisema nini? Kwamba kamba ilimnasa mkono. Naye akakubali. Jioni alikula ugali akaniambia, "Mama, isingekuwa ile kamba, saa hii tungekuwa Suam."

Sasa ukafika mwaka wa kutahiriwa kwake, baada ya vita vya Hitla, wanaume waliporudi na makoti mazito na hadithi nzito zaidi. Kijana anayengoja kisu hupewa chinyimba, zile kengele za chuma za kugonga mikononi, azunguke kwa jamaa akicheza na kuwaalika. Vijana wa kambi ya wafanyakazi walizigonga mpaka mbwa wakachoka kubweka. Zake zilinyamaza. Nikazitafuta. Nilizikuta zimefungwa kitambaa ndani ya mfuko, pamoja na blanketi na mahindi ya kuchoma.

Mtu hafungi blanketi ili aende kutahiriwa.

Tangu siku ile sikukaa. Nikiketi nasimama, nikisimama nafagia, nikimaliza kufagia namwaga majivu nifagie tena. Nilijua litakalokuwa. Kijana akikimbia kisu, hakimbii yeye peke yake. Hatakuwa na rika, hatakaa na wanaume kikaoni, na hakuna baba atakayempa binti. Na huyu wangu hakuwa mwoga! Aliambiwa tu.

Nikamwita. Nikaketi, nikaweka uso wa kanisani.

"Wabwile, mwanangu, kuna jambo sijawahi kukwambia. Siku ile hukunyamazia Wabwile. Ulinyamazia Sirengo. Wale wazee walikuwa viziwi."

Alinitazama kwa huruma. "Mama, si ni wewe uliyeniambia mwezi ukipungua ni kwa sababu ng'ombe wa mzungu wameulamba?"

"Hiyo ilikuwa hadithi!"

"Na kwamba memsahib analala amening'inia kama popo?"

"Hilo sijathibitisha."

"Asante, mama," akasema, akaenda kuangalia kamba za mfuko wake.

Nikamkimbilia jirani yangu Wahu, mke wa Kagwe. Hao walitoka upande wa Nyeri, na walikuwa wakilima kipande chao kando ya kambi. Nikamweleza yote. Wahu alikuwa akimenya viazi, hakuacha.

"Nyinyi mna taabu," akasema. "Ati mtoto analia mpaka achague! Kwetu kijana wa kwanza anaitwa jina la baba ya baba yake, kwisha. Hata akilia mpaka Krismasi."

"Na kama baba ya baba alikuwa mwizi?"

"Basi tunafunga mlango vizuri." Akacheka, halafu akaniambia maneno yaliyonisimamisha. "Mama Wabwile, dawa yako ni nzuri, ila chupa ndiyo mbaya. Wewe nani atakuamini? Huo uongo mpe Jotham aubebe."

Jotham! Lazima niwaambie kuhusu Jotham. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, na kinywa chake kilikuwa kimenyooka mpaka kikawa hasara. Alipeleka ng'ombe kuuza mnadani Kachibora, mnunuzi akamuuliza, "Huyu hapigi teke?" Jotham akajibu, "Anapiga. Na maziwa hana." Akarudi na ng'ombe. Mzungu mwenyewe, aliyemwita "boi" ingawa alikuwa na mvi, alikuwa akimwuliza yeye tu kama mvua imenyesha upande wa juu wa shamba. Jotham akisema imenyesha, watu wanatoa makoti ndani.

Nikamweleza jioni hiyo hiyo. Aliweka kijiko chini.

"Nasambu. Unataka niseme uongo?"

"Mdogo."

"Kwa mdomo huu ninaoombea chakula?"

"Utaufuta kwanza."

"Wabwile ni jina lake. Mungu hakukosea."

"Sikusema Mungu, nimesema wazee. Baba Wabwile, huyu mtoto amefunga blanketi."

Aliinua kijiko akaendelea kula. Lakini usiku ule aligeuka kitandani kama mtu aliyelalia chawa, na mimi nikageuka naye.

Siku za kisu zilipokaribia, tuliondoka kwenda kwetu Bungoma kwa lori la mahindi lililopitia Kimilili. Wabwile aliketi nyuma kabisa, mfuko mapajani, macho yakiangalia mlima Elgon, kwa sababu nyuma ya ule mlima ndiko njia ya Suam inakokwenda. Lori likipunguza mwendo, yeye anajiinua. Likiongeza, anaketi. Kila alipojiinua nami nilijiinua, mpaka mama mmoja mwenye kuku akaniuliza kama nina jipu.

"Ninalo," nikamwambia. "Liko pale nyuma."

Kuna desturi moja, sijui nani aliianzisha, labda mtu asiyependa wapwa. Siku moja kabla ya kisu, kijana huenda kwa mjomba wake. Mjomba humchinjia, humvika nyama ya kidari shingoni, halafu humtukana mbele ya watu ili moyo wake ukauke. Ndugu yangu Festus alikuwa bingwa wa hiyo kazi. Alimzunguka Wabwile na fimbo.

"Hii nyama nimeivisha shingo ya nani? Ya mwanamume au ya sungura? Wabwile! Nasikia una mwenzako Suam. Kama utamfuata, anza sasa, usinichafulie nyasi! Nionyeshe mguu! Mguu upi unaanza?"

Watu wakacheka, maana ndivyo inavyosemwa kwa kila kijana. Wengine hukasirika, wakapiga chinyimba kwa hasira, na hiyo hasira ndiyo huwasimamisha. Wangu hakukasirika. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe. Akautazama mguu wake wa kulia. Niliona. Alikuwa kweli anafikiri ni upi utakaoanza.

Tukaondoka alasiri kurudi kwa Nanyama, ambako angetahiriwa alfajiri. Waimbaji mbele, yeye katikati bila mlio, mimi nyuma na chungu kichwani. Tulipofika kwenye kijito, njia inapogawanyika, moja ikielekea mlimani, alipunguza mwendo. Mfuko ulikuwa tayari begani. Mimi nikafungua kinywa nipige kelele, na ndipo Jotham aliposema, "Waimbaji, tangulieni. Nina neno na kijana."

Wakapita. Mimi nikajifanya naosha mguu mtoni. Mguu ule ule, muda mrefu.

"Wabwile," Jotham akaanza. Akakohoa. "Siku uliyoitwa jina, mimi nilikuwa pale mlangoni. Wazee walipomtaja Sirengo, ulinyamaza. Nilisikia kwa masikio yangu. Halafu upepo ukaingiza moshi, ukaanza kulia tena, nao hawakuona vizuri, wakaendelea kuita. Ulilia mpaka ukachoka. Usingizi ukakushika wakiwa kwa Wabwile. Ni usingizi tu, mwanangu."

Karibu niangushe chungu. Moshi! Miaka yote ninatunga, sijawahi kufikiria moshi.

Wabwile akasimama akimtazama baba yake usoni. Usingeweza kuutilia shaka uso ule. Ulikuwa uso wa kusomea Zaburi. Mkono wa kijana ukashika mfuko, ukauachia.

"Kwa nini hukuniambia zamani?"

"Nilikosea," akasema Jotham, na hilo angalau alilisema kwa raha, maana lilikuwa kweli.

Kijana akageuka akaangalia ile njia ya kulia, akaangalia ya kushoto. Akafungua mfuko. Nikafikiri anatoa blanketi. Alitoa chinyimba. Alizigonga mara moja, polepole, kama anayebisha hodi kwa mtu asiyemjua. Halafu akazigonga tena, na tena, akaanza kukimbia, lakini kukimbia kwenda kwa waimbaji, na mfuko ukabaki majanini.

Ule mfuko niliuchukua mimi. Mahindi yalikuwa mazuri.

Alfajiri mama haendi uwanjani. Anakaa ndani. Mimi nilikaa, nikasimama, nikakaa, nikazunguka nguzo. Nilisikia wakija kutoka mtoni wakiimba, nikasikia wimbo ukikatika. Ukimya ule sitaki kuusikia tena. Sikio langu lote lilikuwa kwenye boma la ng'ombe: je, kuna mtu anaruka? Kisha filimbi ya mtahiri ikalia, na wanawake wakapasua hewa kwa vigelegele. Festus akaingia mbio akiwa na machozi puani.

"Dada! Hakupepesa! Inzi alitua hapa, hapa kwenye jicho, hakupepesa!"

"Tena inzi," nikasema, nikakaa chini kwa mara ya kwanza tangu Kitale.

Sasa ingekuwa hadithi yangu, ningeishia hapo. Lakini Nanyama alikuwa hai, na Nanyama hakuwahi kuacha jambo lipoe.

Siku zile za kuuguza kidonda, bibi huyo alimletea mjukuu wake uji. Tulikuwa tumeketi sote chumbani karibu naye, Jotham na kitabu chake cha nyimbo. Wabwile alikuwa amekaa miguu mbali-mbali, uso umekuwa mpana. Na aliposema "mimi", alisema mimi tu.

"Kukhu," akamwambia bibi yake, "kumbe hata wewe hukujua. Mimi ni Sirengo."

Nanyama akaweka kata chini. "Nani kasema?"

"Baba. Ulikuwa moshi. Nilinyamazia Sirengo, mkaendelea kuita."

"Moshi gani? Tulikuwa nje, chini ya anga! Nilikupakata mimi. Wewe ulinyamazia Wabwile, ukapiga miayo, nikaona ufizi wako wote."

"Baba alisikia. Alikuwa amesimama mlangoni."

"Mlangoni?" Bibi akamgeukia mwanawe polepole. "Jotham huyu? Jotham alikuwa Kitale anamvunia mzungu mahindi. Alipokuja kukuona mara ya kwanza ulimuuma kidole. Ulikuwa na meno!"

Nilimtazama mwanangu, na moyo wangu ukasimama njia panda, pale pale kijitoni. Yeye aliangalia magoti yake.

"Kwa hivyo," akasema, "aliyesimama juzi ni Wabwile."

"Nani mwingine?" akafoka Nanyama. "Uliona watu wawili pale?"

Kijana akainua kichwa. Kitu kilianza kumtikisa mabega, nikadhani analia, kumbe ni kicheko. Akamgeukia baba yake.

"Baba. Ulikuwa mlango gani?"

Jotham, mzee wa kanisa, aliyerudi na ng'ombe kutoka Kachibora, alifungua kitabu cha nyimbo, akakifunga. Akanitazama mimi anisaidie. Mimi nikatazama dari.

"Mlango," akasema, jasho likimtoka, "mlango wa... wa Kitale."

"Na ukasikia mpaka Chwele?"

"Siku ile," akasema mume wangu, "upepo ulikuwa unatoka huku."

"Aii, baba, nyamaza!" Wabwile akapiga kelele, amejishika kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. "Usinichekeshe! Inauma!"