Mayai Yasiyo na Ganda

Yai la kwanza lilitoka na mikunjo kama shati lililotolewa kwenye begi. Nililigeuzageuza mkononi, nikaliweka juu ya friji la mteja na kuendelea na kazi. Mimi ni fundi wa mafriji. Karakana yangu iko ubavuni mwa nyumba, na banda la kuku liko nyuma ya karakana, kwa hiyo kila kinachoharibika hapa kwangu kinaharibikia mahali pamoja. Kuku wenyewe hawakuwa wangu. Walikuwa wa mke wangu, na mke wangu tulimzika mwanzoni mwa mwaka. Tangu siku ile nilikuwa nimekufa ganzi, na hapo sitii chumvi. Niliweza kujiunguza kwa moto wa kulehemu nikajua kwa harufu kwanza.

Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama mkwe. Alikuja kumuuguza binti yake, binti akafa, yeye akabaki. Hakuna aliyemwambia abaki wala aende. Alipika, nikala, akaosha vyombo, nikarudi karakana. Sasa mwanawe wa kiume, shemeji yangu, alikuwa amepiga simu kusema kwamba Jumamosi angekuja na gari kumchukua akaishi kwake.

"Kama huna neno, shemeji," alisema.

Nikamwambia sina neno. Nilikuwa nalo. Sikutaka mama aende. Nilijua kabisa kwamba siku atakayotoka na mfuko wake, mimi nitaanza kulala karakanani kati ya mafriji mabovu, na sitarudi tena kuishi kama mtu. Lakini mtu asiyesikia hata moto, akisema anataka kitu, nani atamwamini? Nikakata simu nikaendelea kukaza skrubu.

Mazungumzo yetu yote, mimi na mama, yalikuwa kuku. Walikuwa wanne, na mke wangu aliwapa majina ya utani. Mdomo hanyamazi. Karani ndiye aliyeingia kiotani kila asubuhi saa mbili, kama mtu anayeogopa kukatwa mshahara. Wale wengine wawili waliitwa Mapacha, ingawa mmoja mweupe na mwingine mweusi.

"Mdomo ametaga, mama?"

"Ametaga. Kadogo."

Kalikuwa kadogo kweli, kama gololi. Nilipokapasua kwenye kibakuli hakakuwa na kiini, ute mtupu. Nilikaangalia nikamwaga. Mwaka uliopita ningemwita mke wangu, tukacheka mpaka machozi. Sasa nilisuuza kibakuli nikakirudisha kabatini.

Mambo haya nilikuwa nimeyaanzisha mwenyewe, ingawa sikujua. Baada ya mazishi kuku walinyonyoka manyoya, wakaacha kutaga, wakakaa kimya. Mambo mengine yote yalinipita, ila ukimya wa bandani ulinisumbua, na sijui kwa nini ulikuwa huo tu. Kuku akitaga anautangazia mtaa mzima, na mke wangu alikuwa na tabia ya kumjibu kutoka jikoni: "Haya, nimesikia, hongera." Basi nikafanya afanyavyo fundi. Nikatoa taa kwenye friji lililokufa, nikaifunga bandani pamoja na swichi ya saa, ikawa inawaka kabla hakujapambazuka na tena jua likizama. Kuku wakadhani siku zimerefuka. Wakaanza kutaga, wakapiga kelele, nami nikajiona nimefanya la maana.

Kisha ndiyo yakaja mayai ya mikunjo, na baada ya mikunjo, hilo la gololi. Mwisho yakaja ya ngozi tupu. Unaliokota yai linalegea mkononi, unakiona kiini kikielea ndani, halina ganda kabisa. Mengine yaliangushwa kutoka juu ya kijiti cha kulalia, yakapasukia kwenye maranda.

"Hawa wana huzuni," mama alisema siku moja akiwa amesimama mlangoni mwa karakana.

"Kuku hana huzuni, mama. Kuna kitu hakifiki mahali pake."

"Basi si wewe ndiye fundi?"

Hakuna kitu kinachoniudhi kama kuambiwa hivyo na mtu ambaye hakukosea. Nikainama kwenye mashine yangu nikajifanya natafuta gesi inakovuja.

Jumamosi asubuhi mfuko wa mama ulikuwa tayari barazani, umefungwa zipu, na viatu vyake vya kutokea viko kando yake. Nikaupita nikaenda kazini. Sikuwa nimeshika hata bisibisi alipoita.

"Baba, njoo umwone Karani."

Saa mbili ilikuwa imepita na Karani hakuwa kiotani. Alisimama nyuma ya beseni la maji, wima, mkia chini, mabawa yameshuka, akifumba macho na kuyafumbua polepole. Kila baada ya muda alikuwa anajikamua, na hakuna kilichotoka. Mama alimwinamia, akapitisha mkono chini ya tumbo lake, akabonyeza taratibu.

"Ana yai. Limekwama. Leta maji ya moto kiasi, usije ukamchemsha. Na mafuta."

Nikaleta beseni, nikaleta mafuta ya kupikia. Nilijaribu kumshika Karani mwenyewe, akaniparura mikono kwa kucha. Mama akaniondoa. Akamshika yeye kwa mikono yote miwili, akamzamisha mpaka tumboni, na mimi nikawa namwagia maji mgongoni kwa kikombe. Karani akatulia. Tulikaa hivyo kwa muda, tumechuchumaa, magoti yakigusana na beseni.

"Maganda unawasagia?" mama akauliza.

"Maganda gani?"

"Ya mayai. Mwenzio si alikuwa anayaanika juu ya tangi, anayasaga, anayachanganya na chakula chao?"

Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo miaka yote. "Nilijua unasaga wewe," nikasema. "Jikoni ni kwako siku hizi."

"Na mimi nilijua unasaga wewe. Kuku ni wako. Maganda yote nimekuwa nayatupa."

Nikaongeza maji. Yalikuwa yameanza kupoa.

"Na ile taa ya nini?" akauliza.

"Ili watage."

"Unawakamua, baba. Ganda halitoki hewani. Kuku akikosa cha kulitengenezea analichimba kwenye mifupa yake mwenyewe, na mifupa nayo ina mwisho. Unamwamsha na giza, unamlaza na giza, unamdai yai. Atalitoa wapi?"

"Nilitaka wapige kelele," nikasema.

Mkono wa mama uliokuwa ukimkanda Karani ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Akapaka mafuta kwenye kidole, akafanya kazi yake kwa utaratibu, akimsemesha kuku kwa sauti ya chini maneno ambayo sikuyasikia vizuri. Karani akajikamua mara moja, kwa nguvu, na yai likateleza kwenye kiganja cha mama: ngozi tupu, jeupe, zima. Lilikaa pale kwa pumzi moja, likapasuka, kiini kikatawanyika ndani ya beseni. Karani akafumbua macho yote mawili.

Honi ikalia nje.

Shemeji aliingia akiangalia anakokanyaga, kwa sababu viatu vyake vilikuwa vipya na uwanja wetu una mambo yake. Alitusalimia, akatazama beseni, akatazama saa.

"Mama, uko tayari?"

"Nina kuku mkononi."

"Namuona. Nauliza kama uko tayari."

"Chukua mfuko. Nakuja."

Akaenda barazani, akaubeba. Alipopita mbele yangu alisimama, akauliza tena kama mtu anayetimiza wajibu tu: "Sasa shemeji, kweli huna neno?"

Nilimtazama Karani.

"Huyu itabidi aogeshwe tena jioni," nikasema. "Mtu mmoja hamuwezi."

"Ah, shemeji. Kuku tu. Nitakuletea mwingine."

"Ngoja," mama akamwambia mwanawe. Kisha akanigeukia. "Wewe, usimsingizie kuku. Kama una neno, sema. Na ukisema, uniangalie. Tangu tumzike mwanangu hujaniangalia usoni hata siku moja. Unaongea na mikono yangu, unaongea na sahani. Mimi nitakaaje kwenye nyumba ambayo sionekani?"

Shemeji alitazama pembeni. Mimi sikuwa na pa kujificha, maana ilikuwa kweli. Kwa miezi yote ile nilimjua mama kwa vidole, kwa ndara, kwa upindo wa gauni ukipita mlangoni. Sababu niliijua vizuri, na sikuwahi kuisema hata peke yangu.

Nikainua macho.

Ilikuwa sura ya mke wangu. Paji ni lile lile, kidevu ni kile kile, na jicho la kushoto linafumba kidogo kabla ya lenzake. Ila ilikuwa na mikunjo, na mvi zikitoka chini ya kilemba, sura ambayo mke wangu angekuwa nayo uzeeni, ambayo mimi nilishajiambia sitaiona. Nikasikia maumivu. Yalikuja yote kwa pamoja, kuanzia kifuani, kama damu inaporudi kwenye mguu uliokaliwa vibaya, na nilitaka sana kutazama chini.

"Nakuomba ubaki, mama," nikasema. "Kuku hawahusiki. Ni mimi. Ukienda sitaweza."

Maji yalikuwa yakinitiririka viwikoni. Mama alinitazama, kisha akanikabidhi Karani, amelowa chepechepe, moyo wake ukidunda kwenye vidole vyangu.

"Rudisha huo mfuko ndani," akamwambia mwanawe.

Shemeji akageuka, akaingia nao ndani. Machozi yalikuwa yananijia, nami kwa aibu nikaanza kugeuza uso.

"Bado," mama akasema.

Nikaendelea kumwangalia.