Swali la Hyasinta

Kariakoo yote, ukitaka makopa ya muhogo yasiyo na ukungu, ulielekezwa kwa Evarista. Alikuwa mama wa maneno machache, mwenye chale za Kimakonde usoni, na mwaka ule wa sabini na tatu alikuwa ametimiza miaka mitano Mtaa wa Msimbazi tangu avuke Ruvuma kukimbia vita vya Msumbiji. Ndiyo maana Mrisho, mtoto wa mjini aliyekuwa akitengeneza filamu za serikali, alipotafuta mtu wa kutafsiri Kimakonde, watu walimpeleka moja kwa moja kwenye magunia yake.

Alimwamkia shikamoo, akamweleza kazi. Alikuwa amepiga picha za wanawake katika vijiji vya wakimbizi kule kusini. Kwao ng'ambo ya Ruvuma, usiku wapiganaji wa msituni walikuja kuomba chakula, na mchana askari wa Kireno walikuja kuchoma nyumba za waliotoa. Wanawake walikuwa wamesimulia kwa lugha yao. Evarista alitakiwa asikilize, halafu aseme yale yale kwa Kiswahili, na sauti yake iwekwe juu ya zao. Alikubali upesi. Wakubwa walikuwa wamehutubia juu ya vita hivyo pale Mnazi Mmoja mpaka makoo yakawakauka, na hajamsikia hata mmoja akimtaja mwanamke aliyeachiwa sufuria tupu.

Chumba cha kunasia sauti kilikuwa ghorofani, madirisha yamezibwa kwa magodoro ya sufi, joto la kumpika mtu. Bibi wa kwanza na wa pili walikwenda vizuri, na Mrisho akafurahi. Kisha akatokea wa tatu kwenye kitambaa cheupe, na Evarista alimtambua kabla hajafungua mdomo.

Alikuwa Hyasinta, mwari wake. Evarista ndiye aliyekuwa somo yake unyagoni, aliyemfunda na kumtoa akiwa mtu mzima. Kwao mwari hamnyimi somo yake kitu, wala jina lake halitamki mbele za watu maisha yake yote.

"Tulikuwa kumi na mmoja korongoni," Hyasinta alisema, macho yake pale pale kwenye kamera. "Askari walikuwa juu yetu. Mwanangu Pantaleo akaanza kulia. Somo yangu akanyoosha mikono, nikampa. Ningemnyimaje? Akamziba mdomo kwa kanga. Halafu tukakimbia, kila mtu njia yake, na sijamwona tena somo yangu wala mtoto. Nataka aniambie neno moja tu. Alipomweka chini, mwanangu alikuwa amekufa, au alikuwa hai?"

Mrisho akazima mashine, akauliza mama yule amesema nini.

Evarista alishika ukingo wa meza. Kwa miaka mitano alikuwa amewaambia watu wote, hata padri, kwamba mtoto alimfia mikononi. Haikuwa kweli. Pantaleo alikuwa amenyamaza, ndiyo, lakini mbwa wa askari walipobweka karibu na watu wakaanza kutimka, Evarista alimlaza kwenye majani ili akimbie upesi, na ilibidi achomoe kidole chake katika kiganja cha yule mtoto. Kiganja kilikuwa kimekaza. Alipofika upande huu wa mto hakumuulizia Hyasinta popote. Alipanda lori la kwanza lililokuwa linakuja Dar es Salaam, kwa woga mtupu.

Alimtafsiria Mrisho kila neno, isipokuwa jambo moja, kwamba somo mwenyewe ndiye huyu aliyekaa mbele yake.

Mrisho alikuna kichwa. Akasema wakubwa hawatalipenda hilo. Wao walitaka wanawake waliobeba masanduku ya risasi huku wakiimba, na yule mama aliyefuata alikuwa akiimba vizuri sana.

"Tuliondoe tu, mama," alisema. "Halimfaidii mtu."

Evarista aliona moyo wake ukitulia, na papo hapo akajionea aibu kwa kutulia kule. Akauliza filamu itaanza kuonyeshwa wapi.

"Kwao wenyewe. Gari la sinema linaondoka Jumatatu. Tunataka wajione kwanza, wakubwa wataiona ikirudi."

Basi Hyasinta angekaa chini na wenzake, angoje sura yake itokee, na swali lake lisiwepo. Na sauti ambayo ingekuwa inawasemea wenzake wote angeijua mara moja, kwa sababu ndiyo iliyomfunda.

"Usiliondoe," Evarista alisema. "Kama ni kuondoa, ondoa zile nyimbo."

Mrisho akasema basi, wakubwa watalikata wenyewe filamu ikirudi, akawasha mashine. Evarista alisema yote kwa Kiswahili: korongo, askari, kanga. Sauti haikumtetemeka, na hilo lilimchukiza. Alipofika kwenye swali alilitamka lote, kisha akasogea karibu na maikrofoni akaongeza kwa Kimakonde:

"Hyasinta, ni mimi Evarista. Alikuwa hai. Alikuwa amenishika kidole, nikamwacha."

Mrisho aliuliza yale ya mwisho ni nini. Evarista akamjibu kwamba ni maneno ya msiba, ndivyo yanavyosemwa kwao. Mrisho akasema yanagusa hata kwa asiyeyaelewa, na atayaacha.

Alipokuwa anakunja nyaya zake, akamuuliza kama ana ndugu katika vijiji vile.

"Nina mtu wangu," alisema Evarista.

"Basi atafurahi kuisikia sauti yako."

Evarista aliitikia kwa kichwa, akajitanda kanga yake, akashuka ngazi kurudi sokoni. Ilikuwa Alhamisi, zimebaki siku nne gari la sinema liondoke.