Chapati za Mama Waisiko

Miaka ile dhahabu ilipowatia watu wazimu, Kerende ilikuwa na wachimbaji wengi kuliko mabenchi ya kuwakalisha, na wote walitaka chai na chapati kabla hawajashuka mashimoni. Chapati za Judith ndizo zilizokuwa zinagombaniwa. Yeye alikuwa mtu wa Issenye, kule Serengeti, ameolewa na Mwikwabe wa Gorong'a, na kibanda chake hakikukauka wateja. Binti yao Waisiko alikulia chini ya meza ya kusukumia, mdomo mweupe kwa unga, kipande cha chapati mkononi saa zote.

Ndipo tumbo la mtoto likaanza kuvimba. Miguu ikabaki vijiti, nywele zikawa nyepesi, akawa anaharisha mchana kutwa. Akibebwa analia, akiachwa analia. Zahanati wakapima malaria: hakuna. Wakapima minyoo: hakuna. Hospitali wakapima kifua kikuu na ukimwi, Judith akisubiri roho mkononi, nako wakasema hakuna. "Mama, mtoto wako yuko safi," wakamwambia, kama vile wanampa habari njema. Safi! Mtoto anakwisha huku unamwangalia, halafu unaambiwa yuko safi.

Majirani hawakuwa na ubaya. Walikuja kutoa pole, na kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, wala haletewi ugali wa mtama kana kwamba ni mtu wa kwenda shamba. Analetewa vitu laini vya dukani: mkate, biskuti, maandazi. Kadiri Waisiko alivyozidi kudhoofu ndivyo mikate ilivyozidi kujaa juu ya kabati. Mama yake aliichovya kwenye chai, akamlisha na kumbembeleza ameze. Naye alimeza, maana alikuwa mtoto msikivu.

Mwishowe mama mkwe, Bibi Mokami, akaja kutoka Gorong'a. Alimtazama mjukuu wake, akamfunga mgongoni na kuondoka naye bila kumwomba mtu ruhusa. Kule chakula kilikuwa ugali wa mtama na muhogo, maziwa na mboga za majani. Judith alikwenda kuwaona wakati wa mavuno, akakuta mtoto ameanza kupata nyama mwilini. Akamwogesha, akamsongea ugali, akalala naye kitanda kimoja, akarudi Kerende na moyo mweupe.

Safari ya pili alitaka kumfurahisha. Alipika chapati, zile nzuri za mafuta, akazifunga kwenye kitambaa na kuzipeleka. Waisiko alizila akiwa amekaa mapajani pa mama yake, leo na kesho yake. Kabla Judith hajaaga, tumbo lilikuwa limevimba tena, na safari hii mtoto aliponea chupuchupu.

Bibi Mokami hakuhitaji kipimo. "Akiwa kwangu anapona," alimwambia mwanawe mbele ya Judith. "Mama yake akija, anaumwa. Mura, mwanangu, unataka nani akueleze?"

Mwikwabe aliinamisha kichwa. Hakumtetea mkewe hata kwa neno moja, na hilo lilimuuma Judith kuliko kuitwa mchawi.

Alirudi Kerende akilia njia nzima. Alipochoka kulia, akaanza kufikiri. Alichokiona bibi kilikuwa kweli: mama kaja, mtoto kaumwa. Lakini mbona wakati wa mavuno hakuumwa? Mikono ilikuwa ile ile, iliyomwogesha na kumsongea ugali. Kilichozidi safari ya pili ni zile chapati. Akakumbuka na ile mikate juu ya kabati, jinsi alivyomlisha kwa mkono wake mwenyewe.

Alimsihi Mwikwabe mpaka akakubali wampeleke mtoto Mwanza. Daktari alimsikiliza Judith mpaka mwisho, akasema wapo watu ambao matumbo yao yanakataa ngano, akamtoa mtoto damu ikapimwe. Majibu yakaja: hakuna.

"Sishangai," daktari alisema. "Amekaa muda mrefu bila ngano, damu haina cha kuonyesha. Kupima vizuri ingebidi tumlishe ngano tena kila siku, wiki nyingi, na kwa hali niliyosikia siwezi kukushauri hivyo. Tena wapo ambao kipimo hakioni kitu kabisa, na bado ngano inawatesa. Asile tu, mama. Hata kidogo."

Judith aliyasikia yote. Mwikwabe alisikia "hakuna" peke yake, na ndilo neno alilomfikishia mama yake walipomrudisha mtoto Gorong'a.

Judith aliishia uani. Hakukaribishwa ndani.

"Shikamoo, mama."

Bibi Mokami hakuitikia.

"Ni ngano, mama. Chapati, mkate, maandazi, ndivyo vinavyomuumiza. Nakuomba asipewe."

"Daktari kaiona hiyo ngano?"

"Hajaiona, lakini amesema..."

"Watoto wote wanakula mkate. Huyu wako tu ndiye ana tumbo la peke yake?" Bibi akaingia ndani, akatoka na mkate wa dukani, ungali kwenye mfuko wake. "Huu hukuupika wewe, wala hukuugusa. Atakula leo, atakula kesho, Krismasi atakula na wenzake. Akiumwa, ni ngano kama unavyosema, mchukue mwanao uende naye. Asipoumwa, tusikuone hapa tena."

Akamega kipande kinene, akampa mtoto. Waisiko alikipokea kwa mikono miwili huku anacheka.

Ilimtosha Judith kunyamaza tu. Tumbo livimbe, watu waone, jina lake lisafishwe, mtoto arudi nyumbani. Alitamani hivyo, tusimfanye malaika. Lakini alikumbuka alivyomwona mtoto alipougua mara ya mwisho, macho yamezama, hana hata nguvu ya kulia, akajua kwamba safari hii mtoto anaweza asipone. Na mkate ulikuwa unafika mdomoni.

"Usile!" alipiga kelele. "Mama, mnyang'anye! Ni mimi!"

Wote wakamgeukia.

"Ni mimi niliyemfanyia. Niliifanyia dawa ngano. Si chapati zangu tu, ngano yoyote, ya mkono wa mtu yeyote. Akiila atakufa. Hakuna wa kuitengua, hata mimi siwezi. Ukimpa hata biskuti, utamzika."

Tangu mtoto aanze kuumwa, hiyo ndiyo siku ya kwanza Judith kuaminiwa. Bibi Mokami alikipiga kile kipande kikaanguka, kuku wakakigombania. Mwikwabe alimtazama mkewe kama mtu asiyemjua. Waisiko alikuwa analilia mkate wake.

"Toka," bibi alisema, akimvutia mtoto nyuma yake. "Toka kabla sijaita watu."

Judith alitoka. Hakuruhusiwa hata kumshika mtoto kichwani.

Bado anapika Kerende. Wachimbaji hawana haja na habari za Gorong'a, haja yao ni chai. Mwaka uliofuata, siku ya mnada, alimwona Bibi Mokami akipita na mjukuu wake. Waisiko alikuwa amerefuka, mashavu yamejaa, miguu imenona. Alipozifikia meza za chapati aliziba pua na mdomo kwa kiganja, kama alivyofundishwa, akashika khanga ya bibi yake na kuvuka mbio upande wa pili wa barabara. Hakumtazama aliyekaa nyuma ya jiko. Judith naye hakumwita. Aliifuata kwa macho ile miguu iliyonona mpaka ikapotea katikati ya watu, kisha akageuza chapati iliyokuwa imeanza kuungua.