Pua ya Mjomba

Mwalimu Kitazawa alikuwa amefundisha sanaa na usanifu katika shule kumi na moja, na hakuna hata moja aliyokaa zaidi ya miaka miwili. Mikataba yake ilikuwa ya hivyo, na miguu yake nayo ilikuwa ya hivyo. Ya kumi na mbili ilikuwa shule ya sekondari ya Tomaridani, mji mdogo ambako wakati wa baridi mtu hushika koleo la theluji kabla hajashika kikombe cha chai. Alifika baada ya Mwaka Mpya kumshikia nafasi mwalimu aliyekwenda kujifungua.

Siku ya pili, akipanga kabati la chumba cha sanaa, alikuta michoro mitatu ya penseli ya miaka mitatu tofauti. Yote ilikuwa ya kichwa kimoja cha plasta, cha askari wa Kirumi, kilichokaa juu ya meza ndogo karibu na dirisha. Nyuma ya kila mchoro palikuwa na jina la mwanafunzi na maneno mawili kwa wino mwekundu: *Hakuchaguliwa jijini.*

"Huo wa mwisho ni wa dada yangu, Mwalimu."

Aliyesema alikuwa Michiru Hanaoka wa kidato cha tatu, msichana mwenye vidole vyeusi vya penseli. Mwaka huo ni yeye peke yake aliyeomba mkondo wa sanaa katika sekondari ya juu ya jijini, na mtihani wa kuchora kichwa cha Mrumi kama huyo ulikuwa umebaki wiki tano. Baba yake alishakata shauri: ni mara moja tu. Akikosa, anakwenda shule ya biashara hapa hapa mjini, na mambo ya kuchora yanaishia hapo.

"Dada Shiori alimchora Mjomba kila siku mwaka mzima," Michiru alisema. Mjomba ndilo jina wanafunzi walilompa yule Mrumi. "Alikuwa anaweza kumchora amefumba macho."

"Na wewe je?"

"Mimi hata usingizini."

Kitazawa alicheka, lakini kuna kitu kilimwasha moyoni kama nywele zilizobaki shingoni baada ya kunyolewa. Michoro ile haikuwa mibaya. Kivuli kilikuwa kivuli, taya lilikuwa taya. Kwa nini basi wote watatu walikataliwa? Akaiweka sakafuni, akaongeza na wa Michiru, akaizunguka akiwa na soksi tu miguuni, kama mtu anayetafuta funguo. Ni pua. Pua zote nne zilikuwa fupi na laini kama andazi. Yeye alikuwa amemwona Mrumi yule shule baada ya shule, maana vichwa hivyo vyote humiminwa katika kalibu moja, na pua aliyoikumbuka ilikuwa kali kama shoka.

Akamwendea Mjomba mwenyewe, akamtazama kwa ubavu. Andazi.

Basi watoto walichora walichokiona. Sasa alaumiwe nani, watoto au kumbukumbu zake? Siku tatu swali hilo lilikula naye, likalala naye.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, muziki wa usafi ukalia kwenye vipaza sauti, na shule nzima ikapiga magoti kama kawaida. Wengine walisukuma matambara sakafuni wakikimbizana, wengine wakafuta madirisha. Kitazawa alipita chumba cha sanaa kuchukua miwani yake, akasimama mlangoni. Juu ya kiti alisimama Genta wa darasa la Michiru, mkono mmoja umeshika kisogo cha Mjomba, mwingine umeibana pua yake kwa tambara lililolowa.

"We Genta! Unafanya nini hapo?"

"Nampenga kamasi, Mwalimu."

"Genta."

"Ni zamu yangu! Tazama ratiba: sakafu, madirisha, karai, Mjomba. Vumbi linapenda sana pua, kwa hiyo pale lazima ukaze." Akakaza, kuonyesha mfano.

"Hebu nipe hilo tambara."

Kitazawa alilikamua ndani ya ndoo safi. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele.

Wakabaki wanaitazama ile ndoo, mzee na kijana. Genta ndiye aliyefumbua kinywa kwanza. "Mwalimu... hiyo ni pua?"

"Ndiyo, pua hiyo."

Alipoitwa mkuu msaidizi, Bwana Obata, naye hakuamini mpaka alipochovya kidole. Alikuwa amesoma shule hii hii. "Sisi darasa letu tulipata tuzo ya usafi," alisema polepole. "Tulikuwa tunashindana nani atamng'arisha zaidi. Mimi zamu yangu ilikuwa Jumatano." Akahesabu. Miaka thelathini na minane, kila siku ya shule. Bila kujijua akawa anaisugua pua yake mwenyewe.

Jumapili Kitazawa alimpeleka Michiru jijini kwa treni, kwenye duka la vifaa vya uchoraji. Dada yake Shiori naye akaja, maana ilikuwa siku yake ya mapumziko katika kiwanda cha kufungasha biskuti za mchele. Mrumi alikuwa kwenye rafu ya juu, mpya, hajawahi kuonja tambara. Shiori alisogea akaweka kidole juu ya mfupa wa pua, akakiteremsha taratibu mpaka nchani.

"Siku ya mtihani niliiona," alisema. "Niliiona pua ndefu, Mwalimu. Nikajiambia ni mwanga wa dirisha tu, Mjomba hana pua hiyo. Nikachora ninayoijua."

Michiru alikuwa ameshatoa daftari. "Basi niikariri hii. Wiki nne zinatosha. Nitakuja kila Jumapili."

"Hapana," alisema Kitazawa.

"Kwa nini? Si hii ndiyo ya kweli?"

"Na ukiikuta pua ya tatu siku ya mtihani?"

"Ya tatu itoke wapi?"

"Sijui. Hicho ndicho nami ninachotaka kukijua. Kukariri pua mpya ni kubadilisha pua tu, tabia imebaki ile ile. Dada yako alikuwa na macho mazuri. Alichokosa ni kuyasadiki."

Shiori alichekea puani. "Msikilize, Michi. Mimi nimelipia somo hilo."

Tangu Jumatatu, kila jioni kabla Michiru hajaingia, Kitazawa alimfanyia Mjomba kitu. Mara alimbandika tone la udongo kwenye kidevu, mara alimgeuza kidogo, mara alimlaza chali. Siku moja alimfunga tambara kichwani kama mpishi wa tambi. Sharti lilikuwa moja: Michiru asiguse penseli mpaka aseme kilichobadilika.

"Leo hakuna kitu, Mwalimu. Umesahau."

"Tazama tena."

Alitazama robo saa nzima. Akazunguka, akachuchumaa, akarudi. "Ah! Umeinua meza. Umeweka vitabu chini ya miguu! Wewe mzee una vituko!"

Genta, aliyekuwa akipita kila siku kuchungulia, alianza kumsaidia mwalimu kubuni hila, na hila zake zilikuwa mbaya zaidi. Michiru alilalamika, lakini alianza kuja mapema.

Siku ya mtihani theluji ilichelewesha treni, Michiru akaingia ukumbini viatu vya kuvaliwa ndani ya shule vikiwa bado mkononi. Mrumi alikuwa katikati, watahiniwa wakimzunguka, na penseli zao tayari zinakimbia. Michiru hakushika yake. Pua, shoka. Kidevu, salama. Dakika zikaenda. Msimamizi akamtupia jicho. Ndipo alipoliona sikio la kushoto: ncha yake ilikuwa nyembamba, imelika kama pipi iliyomumunywa. Jirani yake wa kulia alikuwa anachora sikio nene la kalibu, bila hata kuinua macho.

Mkono wake ulitaka kuchora lile nene. Aliuacha utake, akachora lile jembamba.

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, namba za waliochaguliwa zilibandikwa kwenye ubao nje ya lango la shule ya jijini. Simu ililia katika chumba cha walimu cha Tomaridani. Kitazawa aliinyakua kabla Bwana Obata hajanyoosha mkono.

"Mwalimu? Ipo. Namba yangu ipo. Dada amesoma mara tatu, sasa analia, usimwambie nimekwambia."

Kitazawa alikaa. Upande wa pili uliendelea mbio:

"Lakini Mwalimu, lile sikio. La kushoto tu, la kulia zima kabisa. Kama ni tambara la usafi lingekula yote mawili, si ndiyo? Na pua pia. Sasa wanafanyaje huko? Wanamshika sikio? Kwa nini la kushoto?"

"Sijui," alisema Kitazawa, na miguu yake ilianza kumwasha. "Ukianza masomo huko Aprili, chunguza. Halafu uniandikie, popote nitakapokuwa."